GIA YA JUU SI AKIBA SIKU ZOTE

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama madereva katika mkutano wa tawi, juu ya kuvuta trela kwa pikapu za zamani



Tawi limetuomba tuseme juu ya jambo ambalo wengine watadhani si kazi ya chama. Watasema kuwa chama ni cha mishahara na likizo, na gia na mafuta ni mambo ya gereji. Lakini mashauri mengi ya madereva yanayoletwa mezani petu yaanza na mafuta. Dereva ameitwa ofisini, ameonyeshwa kitabu, ameambiwa: pikapu hii yapaswa kwenda kilomita 10 kwa lita moja, wewe umekwenda 7, lita zilizopungua umemuuzia nani? Basi shauri la gia ni shauri la mshahara, na dereva asiyejua hesabu ya gari lake hukaa kimya mbele ya karani, na kimya chake huandikwa kuwa amekiri.

Tuseme na hili mapema, lisije likasemwa na wengine. Wapo madereva wanaouza mafuta. Twawajua, na wametuharibia jina sisi sote. Hatukuja hapa kuwatetea hao. Twamsemea yule ambaye mafuta yake yameliwa na mlima, na trela, na amri ya mtu ambaye hajapata kuvuta kitu.

Katika yadi moja tulikuta tangazo limebandikwa ukutani karibu na pampu ya mafuta. Lilisema kila dereva atumie gia ya juu wakati wote, wala asiiache injini ilie, ili mafuta yasipotee. Hapo hapo chini ya tangazo palikuwa na pikapu tatu za zamani za dizeli, kila moja ina ndoano nyuma, na matrela ya kuvutwa yamesimama kando: jenereta, tangi la maji, na mashine ya kuchanganya zege. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka, kwa maana moja ya pikapu hizo ilikuwa imefunguliwa hedi, na dereva wake alikuwa nyumbani akingoja kujua kama atarudishwa kazini.

Aliyeandika tangazo lile hakusema uwongo. Alisema ukweli wa gari jingine. Chukueni pikapu tupu katika barabara ya tambarare. Ili iende kilomita 60 kwa saa yahitaji nguvu kidogo tu, na injini inayo nguvu nyingi kuliko hiyo. Kila mara injini izungukapo, pistoni zasugua, beringi zasugua, pampu ya maji na feni zazungushwa, na kazi hiyo yote yalipwa kwa mafuta ijapokuwa haisogezi gari hata hatua moja. Ukiizungusha injini mara 3,000 kwa dakika mahali ambapo 1,800 zingetosha, umelipa mizunguko 1,200 ya bure. Kwa injini ya petroli hasara ni zaidi, kwa sababu mguu ukiwa mwepesi mlango wa hewa wa kabureta huwa umefungwa nusu, na injini yavuta pumzi kama mtu aliyezibwa pua. Kwa hiyo gari likiwa jepesi, panda gia ya juu mapema, na mwenye tangazo amesema kweli.

Sasa fungeni trela.

Tuseme pikapu na trela na vyote vilivyomo ni tani 3 na nusu. Katika tambarare, pasipo upepo, magurudumu yote pamoja yarudisha nyuma kwa nguvu kama ya kilo 40 hivi. Hilo si neno. Lakini barabara ikiinuka mita 6 kwa kila mita 100, uzito ule waanza kuvuta kwa nguvu ya kilo 210, juu ya zile 40. Fikirini mtu anayevuta ndoo ya kilo 40 kutoka kisimani, kisha pasipo kuambiwa akafungiwa kilo 250 kwenye kamba ile ile. Barabara ni ile ile, gari ni lile lile, dereva ni yule yule, lakini kazi imekuwa mara sita. Hapo ndipo amri ya gia ya juu inapogeuka kuwa amri ya kuharibu.

Mpagazi mwenye gunia mgongoni hapandi mlima kwa hatua ndefu. Hufupisha hatua na kuziongeza. Gia ndogo ni hatua fupi. Injini yazunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, lakini kila mzunguko wabeba mzigo mdogo zaidi, nayo yaweza kubeba. Gia kubwa mlimani ni hatua ndefu chini ya gunia, na magoti ndiyo yanayolipa.

Injini nyingi za dizeli za pikapu za zamani, zile zisizo na tabo, zina nguvu kubwa ya kuzungusha kwenye mizunguko 2,400 hivi kwa dakika. Chini ya 1,800, na trela nyuma, nguvu hiyo yapungua, na injini ikianza kurudi chini huendelea kurudi, kwa sababu kila inapopunguza mwendo nayo yazidi kudhoofika. Dereva akanyaga mafuta mpaka chini na gari haliongezi kasi. Tazama kioo cha nyuma wakati huo. Moshi mweusi unaouona ni dizeli iliyonunuliwa kwa fedha, ikaingia injini, ikakosa hewa ya kuiwasha, ikatoka. Hiyo ndiyo akiba ya gia ya juu mlimani: yatoka kwa bomba, na kila mtu nyuma yako yaiona.

Pikapu nyingi hizi hazina saa ya kuhesabu mizunguko ya injini. Dereva aendesha kwa sikio, na sikio zuri ni mali. Lakini sikio halikubaliwi ofisini kuwa ushahidi. Namba zakubaliwa. Kwa hiyo tunataka kila mwanachama aandike namba za gari lake, nayo ni kazi ya nusu saa na kipande cha chaki.

Simamisha gari mahali pa tambarare. Tia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma pale linapogusa chini, na alama nyingine kwenye ardhi. Weka gia huru, mtu mmoja akae ndani karibu na breki, wengine wasukume polepole mpaka tairi lizunguke mara moja kamili. Pima kwa tepu. Tuseme umepata mita 2 na sentimita 20. Kisha tia alama ya chaki kwenye shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda difu, sukumeni tena mpaka tairi lizunguke mara 10, na mmoja atazame kutoka kando (si kulala chini ya gari, tafadhalini) na ahesabu shafti imezunguka mara ngapi. Akipata 41, difu yako ni 4.1. Namba za gia zimo katika kitabu cha gari, na kama kitabu kilikwisha kupotea, makanika wa aina hiyo ya gari atakuambia.

Sasa hesabu. Kilomita 60 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika. Gawa kwa 2.2, tairi lazunguka mara 454. Zidisha kwa 4.1, shafti yazunguka mara 1,860 hivi. Katika pikapu nyingi za namna hii, gia ya nne haibadilishi kitu, shafti na injini huzunguka sawasawa, kwa hiyo injini nayo ni 1,860. Gia ya tano ikiwa 0.85, injini yashuka hata 1,580. Gia ya tatu ikiwa 1.5, yapanda hata 2,800. Ukienda kilomita 40 kwa saa, gia ya tatu yakupa 1,860, na ya pili, ikiwa 2.3, yakupa 2,860. Ziandikeni namba hizi kwenye kipande cha karatasi ngumu, mkibandike kando ya saa ya mwendo. Mwenzetu mmoja ameziandika kwa rangi nyeupe juu ya kioo cha jua, naye hatazami tena ila akifundisha kijana.

Tazameni basi yale matano na sita tuliyoyapata. Na trela nyuma, gia ya tano kwa kilomita 60 ni mizunguko 1,580, nayo ni kidogo mno. Gia ya nne kwa kilomita 70 ni 2,170, nayo ni vizuri sana katika tambarare. Mlimani, gia ya tatu kwa kilomita 40 ni 1,860, na hapo gari lakuomba ushuke gia, hata kama bado latambaa.

Twende Mai Mahiu, kwa sababu wengi wenu mwaijua njia ile kuliko mlango wa nyumba zenu. Umepita kile kikanisa kidogo ambacho mateka Waitalia walikijenga mwaka 1942 walipokuwa wakichimba barabara, na sasa wapanda kuelekea Limuru. Pikapu ya dizeli isiyo na tabo imekwisha kupoteza nguvu hata kabla ya kuanza kupanda, kwa sababu hewa ya huku juu ni nyembamba. Kwa kadiri, injini ya namna hiyo yapoteza sehemu 1 katika 100 ya nguvu yake kwa kila mita 100 za kupanda juu ya bahari. Mahali penye mita 2,200 imepoteza kama sehemu ya tano. Injini iliyotoka Mombasa na farasi 80 yafika Limuru na farasi kama 62, na trela halikupungua hata ratili. Na pampu nyingi za zamani hazijui kuwa hewa imepungua, zaleta dizeli ile ile ya Mombasa, ndiyo maana moshi wa huku juu ni mweusi kuliko wa pwani. Kabureta nayo yafanya vivyo hivyo kwa petroli, ila moshi wake hauonekani sana, wausikia kwa pua.

Dereva wa tangazo aingia mwinuko ule kwa gia ya nne, 60, mguu chini. Kasi yashuka, 55, 50, 45. Abadilisha kwenda ya tatu akiwa amechelewa, injini imekwisha kuchoka, yafika 40 na bado yashuka. Tumeifanya hesabu kwa tani 3 na nusu, mwinuko wa 6 kwa 100, na injini ya dizeli ya lita 2.8 iliyopoteza sehemu ya tano ya nguvu: gia ya tatu kwa kilomita 40 haitoshi. Haitoshi hata mguu ukitoboa sakafu. Itashuka tu, na mwisho ataiweka ya pili kwa kilomita 25, nyuma yake pana malori kumi yanapiga honi. Dereva mwingine, mwenye karatasi yake, auona mlima, ashuka gia ya tatu mapema injini ingali na nguvu, kisha ya pili kwa kilomita 45, akaa kwenye 40 na mizunguko 2,860, mguu robo tatu tu. Injini yake yalia, ndiyo. Acheni ilie. Kulia si kuumia. Kuumia ni ule mgurumo mzito wa chini, gari linatikisika, na kanyagio liko sakafuni.

Kanuni tunayowapa madereva wapya ni hii: kanyagio likipita robo tatu na kasi haiongezeki, shuka gia moja. Kwa petroli kanuni hii ina sababu ya zaidi. Kabureta nyingi zina njia ya pili ya petroli ambayo hufunguka injini inapolemewa, ili kuisaidia. Wenye Peugeot 504 za zamani, zile zilizounganishwa hapa hapa Kenya, waijua tabia hiyo: ukimsaga kwa gia ya juu amekunywa, ukishusha gia na kuinua mguu kidogo amepunguza kunywa, basi.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza hata mafundi. Watu hudhani injini inayozunguka sana ndiyo inayochemka. Lakini feni na pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Injini ikizunguka polepole huku imebeba mzigo wote, moto ni mwingi, maji yatembea polepole, feni yapiga hewa kidogo, na mafuta ya kulainisha yasukumwa kwa nguvu ndogo wakati beringi zinapokandamizwa kuliko wakati wote. Shuka gia, na vyote hivyo vyapata nguvu. Gari nyingi tulizoona zimepasuka gasketi ya hedi hazikupasuka kwa sababu dereva alikimbia. Zilipasuka kwa sababu aliamriwa asikimbize injini.

Juu ya gia ya tano tutasema neno moja tu. Katika giaboksi hizi, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, shafti kwa shafti, meno hayabebi mzigo. Gia ya tano huzungusha nguvu kupitia shafti ya kando na gia ndogo zilizoongezwa nyuma ya giaboksi. Zilitiwa kwa ajili ya gari jepesi barabara ndefu. Trela likiwa nyuma, ya tano iacheni, ila katika tambarare, mzigo mdogo, na upepo ukiwa nyuma. Lita utakayookoa huko itaisha mara mia katika bei ya giaboksi.

Sasa kuteremka, na hapa hatutasema kwa upole. Madereva wengi huachia gari fri wakishuka, wakidhani wanaokoa mafuta ambayo watayahitaji kwa ajili ya kitabu cha karani. Kwa injini ya dizeli hiyo si akiba hata tone moja. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeinuliwa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hufunga dizeli kabisa. Ukiweka huru, injini yapaswa kujizungusha yenyewe, nayo yakunywa. Kwa hiyo yule anayeachia gari fri anatumia mafuta zaidi ya yule anayeshuka kwa gia, tena breki zake peke yake zimebeba tani 3 na nusu, na trela nyingi za namna hii hazina breki zake. Na anayezima injini kabisa ameiondoa pampu ya upepo inayosaidia breki: atakanyaga mara mbili tatu, kisha kanyagio litakuwa gumu kama jiwe. Sote tumepita kipande cha kati ya Sachangwan na Salgaa na tumeona mabaki ya magari. Shukeni kwa gia ile ile ambayo mngehitaji kuupanda mlima huo.

Upepo nao una hesabu yake. Kasi ikitoka 60 kwenda 80, nguvu ya upepo haiongezeki kwa theluthi, yakaribia kuwa mara mbili: 16 kwa 9. Trela la juu lenye turubai linalopigapiga ni ukuta unaotembea. Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi. Kwa 80 ni saa 2, kwa 60 ni saa 2 na dakika 40. Tajiri akitaka zile dakika 40, ni haki yake kuzitaka, mali ni yake. Lakini azilipe kwa dizeli, asizilipe kwa mshahara wa dereva. Hawezi kuandika saa ya kufika ambayo yahitaji kilomita 80, na kando yake akaandika mafuta ya kilomita 60. Tumeona karatasi kama hiyo, zote mbili zimetiwa sahihi na mkono mmoja.

Na sasa twafika kwenye kitabu cha mafuta chenyewe. Kiasi cha kilomita 10 kwa lita kilipimwa wapi? Katika kila shauri tumeuliza, na mara nyingi jibu ni kwamba kilipimwa zamani, gari likiwa tupu, au hakikupimwa, kilitoka kwa muuzaji wa gari. Kuinua tani 3 na nusu mita 100 juu kwahitaji karibu theluthi ya lita ya dizeli, hata ukiwa na gia ya dhahabu. Hakuna dereva awezaye kuipunguza, kwa maana ni uzito na urefu tu. Toka Mombasa hadi Nairobi ni mita 1,600 na zaidi za kupanda. Hizo ni lita 5 na kitu za kuinua peke yake, kabla ya kulipa upepo na magurudumu katika kilomita zile 480. Dereva anayekwenda Nairobi na trela na dereva anayerudi Mombasa na trela hawawezi kupewa kipimo kimoja. Ukiona kipimo ni kimoja kwenda na kurudi, jua aliyekiandika hakutoka ofisini.

Tutawapa kisa kimoja, jina la kampuni na la mtu tutayaacha. Mwenzetu alikuwa akivuta jenereta kwa pikapu ya dizeli. Kwa miaka miwili hesabu yake ilikuwa nzuri. Ghafula kitabu kikaanza kuonyesha kwamba anakula mafuta, kilomita 7 na kidogo kwa lita. Akapewa barua ya onyo, kisha akakatwa siku 9 za mshahara, kisha akaambiwa barua ya tatu ndiyo ya kwenda nyumbani. Alipokuja kwetu tulimwuliza maswali mengi ya mafuta na hatukupata kitu. Tanboi wake ndiye aliyesema, kama mtu anayesema jambo lisilo na maana, kwamba gari lilitiwa matairi mapya makubwa, yakapendeza.

Tulichukua chaki. Tairi la zamani, ambalo moja lilikuwa bado ni spea, lilikwenda mita 2.2. Jipya lilikwenda 2.4. Saa ya kilomita haijui ukubwa wa tairi, yahesabu mizunguko tu. Gari lilipokwenda kilomita 109, kitabu kiliandika 100. Kila safari karibu kilomita 9 za jasho lake zilikuwa zikipotea pasipo kuandikwa, na lita zote zikaandikwa. Tena tairi kubwa ni kama kubadilisha gia zote kuwa ndefu zaidi: mlima alioupanda kwa 2,860 sasa aupanda kwa 2,620, injini imezama, naye kwa kuogopa tangazo la ukutani hakushuka gia. Kitabu kilimwibia na gia ikamwibia. Tulikwenda ofisini na tepu, chaki, na lile tairi la spea tukilibingirisha mlangoni. Meneja alipima mwenyewe. Barua zilifutwa na zile siku 9 zikarudishwa mwezi uliofuata. Hakuomba radhi, lakini sisi hatukwenda kutafuta radhi.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa ambalo mfanya kazi amelifanya kwa kusudi. Angalieni neno kusudi. Mlima si kusudi lako. Tairi ulilowekewa si kusudi lako. Na makato yote pamoja kwa wakati mmoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa adabu au kwa kazi mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama wa mahali pa kazi wakati huo. Ukiitwa ofisini juu ya mafuta, usiende peke yako. Mwite mjumbe, na mbebe ile karatasi ngumu.

Tunalotaka kwa waajiri ni dogo. Kila pikapu inayovuta ipimwe ikiwa na trela lake, njia yake, kwenda mbali na kurudi mbali, tangi likijazwa mpaka mdomo mwanzo na mwisho, dereva na mtu wa ofisi wakiwa ndani pamoja. Kipimo hicho kitiwe sahihi na wote wawili. Matairi yakibadilishwa, kipimo kirudiwe. Kampuni moja imekubali, na huyo mtu wa ofisi alishuka Limuru uso umebadilika, akasema hakujua kwamba mlima ule ni mrefu hivyo.

Na kwenu madereva: kila safari andikeni mambo matano katika kitabu chenu wenyewe, mbali na kile cha ofisi. Uzito wa trela au walau kitu gani kilikuwamo, njia, kilomita, lita pamoja na risiti, na kama ulizuiwa njiani injini ikinguruma. Gari lililokaa saa moja katika msururu wa Mlolongo limekunywa pasipo kusogea, na kitabu cha ofisi hakina mahali pa kuliandika hilo. Filta ya hewa ikijaa vumbi, nozeli zikivuja, breki zikishika, iandikeni siku mliyoripoti na jina la mliyemwambia.

Karatasi za kuandikia ziko kwa katibu wa tawi, chaki mtanunua wenyewe. Jumamosi asubuhi mafundi watakuwa hapa uwanjani kuwasaidia wasiojua kuhesabu difu. Wenye pikapu za gia nne tupu watusubiri kidogo baada ya mkutano, kwa maana hesabu yao ni nyingine.